Daftari la Serengeti Boys: shajara ya mradi, Mei hadi Novemba 2025

Mei, mwanzoni

Mradi umeanza. Lengo ni kukusanya kumbukumbu za timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, mechi kwa mechi na mchezaji kwa mchezaji, zikae mahali pamoja ambapo yeyote anaweza kuzifungua. Tuko wawili. Mimi niko Dar es Salaam, mwenzangu yuko Mwanza. Yeye ndiye mtu wa takwimu, mimi ndiye ninayetumwa kupekua magazeti.

Tumeanza sasa kwa sababu ya Moroko. Vijana wamerudi kutoka AFCON U17, fainali za Afrika za umri huo, wakiwa wameburuza mkia katika kundi lenye wenyeji, Zambia na Uganda. Zambia waliwapiga 4-1, Uganda 3-0. Mitandaoni wameshazikwa: eti ni Serengeti mbovu kuliko zote. Kuliko ipi? Niliuliza swali hilo kwenye kundi letu la mashabiki na hakuna aliyejibu kwa ushahidi. Mmoja alikumbuka Gabon, mwingine akataja "ile ya kina Kelvin John", wa tatu akachanganya Serengeti na Ngorongoro Heroes, ambayo ni ya chini ya miaka 20. Watu tunahukumu timu za watoto kwa kumbukumbu za kijiweni.

Jedwali la kuanzia lina safu za mashindano, mwaka, mpinzani, matokeo, uwanja na wafungaji. Wachezaji watakuwa na jedwali lao.

Mei, mwishoni

Nimeingia Maktaba Kuu, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kutafuta mambo ya 2004 na 2005. Huo ndio wakati mchungu kuliko yote katika daftari hili na ndio ulioandikwa kwa uchache. Chama cha soka nchini, FAT, kilikuwa kimetoka kugeuka shirikisho, TFF. Serengeti Boys walikuwa wamepambana uwanjani hadi kupata tiketi ya fainali za Afrika nchini Gambia, Mei 2005. Kisha CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikawaengua kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri, nafasi ikaenda Zimbabwe. Gambia wenyewe wakatwaa kombe.

Mwenzangu ananiuliza tuandike nini kwenye safu ya matokeo. Uwanjani walishinda, kwenye karatasi hawapo. Nimemwambia tuandike yote mawili, kila moja kwenye safu yake: "matokeo ya uwanjani" na "matokeo ya mezani". Amelalamika kwamba jedwali linavimba. Livimbe tu. Historia ya timu hii imeamuliwa mezani kama ilivyoamuliwa uwanjani, na asiyeziona safu hizo mbili zikiwa pamoja hataelewa kilichotokea miaka 12 baadaye.

Jina la mchezaji yule sitaliweka. Alikuwa kijana, na makaratasi yaliyopelekwa CAF hakuyapeleka yeye peke yake.

Juni

Gabon 2017. Hapa nimekaa muda mrefu na sijutii.

Njia ya kufika kule ilikuwa ya nyumbani na ugenini, siyo hii ya sasa ya kanda. Shelisheli walitolewa bila jasho. Afrika Kusini walitoka sare 1-1 kwao, wakaja Dar wakafungwa 2-0. Hatua ya mwisho ilikuwa Kongo-Brazzaville: 3-2 hapa Dar, 1-0 kule. Jumla 3-3, Kongo wanapita kwa bao la ugenini. Kwenye safu ya uwanjani, Serengeti wametolewa.

Kisha ikaja safu ya mezani. TFF walikata rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. CAF ikataka apelekwe kwenye kipimo cha MRI. Hakupelekwa. Kongo wakaenguliwa, Serengeti wakaenda fainali. Kilichotupiga 2005 kilitubeba 2017, na ukiweka safu mbili za jedwali sambamba unaliona hilo bila kuambiwa.

Mashindano yenyewe yalipangwa kufanyika Madagaska, CAF ikayahamishia Gabon. Kocha alikuwa Bakari Shime, nahodha Dickson Job. Sare ya 0-0 na Mali, ambao mwishowe walibeba kombe. Ushindi wa 2-1 dhidi ya Angola. Halafu Niger, 21 Mei: sare tu ingetosha kuingia nusu fainali, na timu zote nne za nusu fainali zilikuwa zinakwenda Kombe la Dunia India. Tukafungwa 1-0. Tanzania pointi 4, Niger pointi 4. Tofauti ya mabao nayo ni sifuri kwa sifuri. Wakapita Niger kwa sababu walitufunga sisi.

Nimeitazama safu hiyo mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa kazi ya kujaza jedwali.

Mwenzangu ameanza kufuatilia walikoishia wachezaji wa kikosi kile. Dickson Job na Kibwana Shomari wanajulikana: Yanga, na Taifa Stars. Wengine wanatafutika kwa shida kwa sababu ya majina. Orodha moja inaanza na jina la mchezaji, nyingine inaanza na la baba, ya tatu imetupa la katikati. Mtu mmoja anaweza kuonekana kama wawili, na ndugu wawili wakaonekana kama mtu mmoja. Tumekubaliana: jina linaandikwa kama mchezaji mwenyewe anavyojulikana uwanjani, na mengine yote yanakaa kwenye safu ya "majina mengine".

Julai, mwanzoni

Tumebishana, na ubishi wenyewe umekuwa na faida.

Mwenzangu anataka daftari lipangwe kwa mashindano, kwa kuwa ndivyo watu wanavyotafuta. Mimi nimependekeza tulipange kwa mwaka wa kuzaliwa, yaani kwa rika. Timu ya wakubwa ni timu ileile inayobadilika polepole, mmoja anatoka na mwingine anaingia. Serengeti Boys haiko hivyo. Kila mashindano yanapoisha timu nzima inakufa, na inayofuata ni ya watoto wengine kabisa. Kusema Serengeti ya 2019 "imeshuka kiwango" kutoka ya 2017 ni kulinganisha darasa la mwaka huu na lililokwishamaliza shule.

Nikamwandikia hesabu. Mashindano ya vijana hukata umri 1 Januari. Fainali za Afrika za 2017 zilitaka waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2000. Za 2019, kuanzia 2002. Za 2021, 2004. Za 2023, 2006. Za 2025, 2008. Kwa kuwa mashindano yalikuwa kila baada ya miaka miwili, miaka iliyobebwa ni ile ya namba shufwa tu. Aliyezaliwa Januari 2002 alifika 2019 akiwa na miaka 17 kamili, mwili umeshajaa. Aliyezaliwa Desemba 2003 alifika palepale akiwa na miaka 15. Na mwaka 2020, ambao ungekuwa wa rika la 2003, haukuwa na fainali. Kuna watoto wengi tuliowaona "hawajakomaa" ambao kosa lao lilikuwa kuzaliwa mwaka wa witiri.

Alikaa kimya siku nzima, kisha akajibu: "Sawa kaka, ila na safu ya mashindano ibaki." Imebaki.

Julai, mwishoni

Umri hauepukiki, kwa hiyo tumeamua kuandika ukurasa wa maelezo kuhusu kipimo. Wasomaji wengi wanadhani MRI inataja umri. Haitaji.

Mashine inapiga picha ya kifundo cha mkono. Mfupa mrefu unaoishia upande wa kidole gumba, kwa mtoto anayekua, una utepe wa gegedu karibu na ncha yake. Pale ndipo urefu unapoongezeka. Kijana anapokomaa utepe ule unaanza kuziba, na mwisho unakuwa mfupa mtupu. Madaktari wamegawa safari hiyo katika madaraja 6. Daraja la 6 maana yake umeziba kabisa, na mvulana aliyefika hapo haruhusiwi kucheza U17. FIFA ilianza kuutumia utaratibu huu kwenye Kombe la Dunia la U17 la 2009, nchini Nigeria.

Kipimo kinasema jambo moja tu, kwamba mfupa umemaliza kukua au bado. Kijana wa miaka 18 ambaye mwili wake unachelewa anaweza kupita. Mtoto halali anayewahi kukomaa anaweza kukwama, ingawa ni nadra sana. Lakini kimewapunguza vijeba, yaani waliozidi umri, hilo halina ubishi.

Nimemtembelea mwalimu mstaafu aliyeandaa timu za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwa miaka mingi. Nilimuuliza zamani walikuwa wanawajuaje vijeba. Akacheka. "Mwanangu, unamwita mbele ya wenzake unamuuliza yuko kidato gani na mwalimu wake wa hesabu ni nani. Akianza kumeza mate, unamrudisha kwao." Nikamkumbusha kwamba wapo waliokuwa na vyeti. "Cheti anaweza kukipata leo asubuhi," akasema. Hapo alikuwa anagusa jambo zito: watoto wengi husajiliwa kuzaliwa kwao wakiwa tayari wakubwa, shule au safari inapodai karatasi, na tarehe inayoandikwa ni ile mzazi anayoikumbuka siku hiyo. Siyo kila tofauti ya tarehe ni udanganyifu. Lakini CAF haina safu ya "mama hakukumbuka vizuri".

Uamuzi wa mradi: hatuchapishi tarehe kamili ya kuzaliwa ya mchezaji yeyote. Mwaka unatosha.

Agosti

Kazi imesinzia. CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, imechezwa hapa nyumbani, pamoja na Kenya na Uganda, na hakuna mwenye akili timamu aliyekaa ndani kujaza jedwali. Stars wamefika robo fainali wakatolewa na Moroko. Mwenzangu alikuja kutoka Mwanza kwa ajili hiyo, na kwenye foleni ya kuingia uwanja wa Mkapa tumefikia uamuzi mmoja mdogo: uwanja unaandikwa kwa jina lililokuwa likitumika siku ya mechi. Mechi za 2019 zilichezwa Uwanja wa Taifa. Jina la Benjamin Mkapa lilikuja 2020.

Septemba, mwanzoni

AFCON U17 ya 2019, Dar es Salaam, 14 hadi 28 Aprili. Wenyeji. Kocha Oscar Mirambo, nahodha Morice Abraham, na Kelvin John ambaye mashabiki walikuwa wamembatiza Mbappé.

Mwaka mmoja kabla yake vijana walitwaa kombe la U17 la CECAFA, kanda ya Afrika Mashariki na Kati, kule Burundi, wakiwafunga Somalia 2-0 kwenye fainali. Matarajio yalikuwa juu mno. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Nigeria ndiyo mechi ya ajabu kuliko zote tulizoingiza mpaka sasa. Nigeria waliongoza 3-1. Serengeti wakafunga matatu mfululizo, wakaongoza 4-3. Mechi ikaisha 5-4 kwa Nigeria. Mtu aliyeona matokeo tu anasema ulinzi ulikuwa ungo. Aliyekuwa uwanjani atakuambia kwamba hawa watoto walikuwa wameishiwa pumzi kwa kushangilia. Baada ya hapo Uganda wakatufunga 3-0, Angola 4-2. Pointi sifuri.

Kwa mtindo wa kijiweni, 2017 ni nzuri (pointi 4) na 2019 ni mbaya (pointi 0). Nimemwomba mwenzangu alete safu ya walikoishia. Kelvin John, wa rika la 2003, alifika Genk ya Ubelgiji. Yeye ni wa mwaka wa witiri, alicheza 2019 dhidi ya waliomzidi, na akapasua. Mtu mmoja hathibitishi nadharia nzima, najua, lakini jedwali lipo na wenye shaka watalifungua.

Jambo lingine la mashindano yale. Kameruni waliwashinda Gine kwa penalti kwenye fainali. Baadaye ikabainika kwamba wachezaji wawili wa Gine walikuwa na tarehe za kuzaliwa tofauti na zile walizotumia kwenye mashindano ya awali huko Japani. Gine wakanyang'anywa nafasi yao Kombe la Dunia Brazil, na Senegal wakaenda badala yao. Safu ya mezani tena. Hata siyo yetu peke yetu.

Septemba, mwishoni

Leo nimeingiza rika la 2004, na sijui niliite nini.

Desemba 2020, kule Rubavu, Rwanda, kanda ya CECAFA ilitoa tiketi mbili za fainali za Afrika za 2021 nchini Moroko. Uganda walichukua ubingwa kwa kuifunga Tanzania 3-1 kwenye fainali, lakini zote mbili zilikuwa zimeshafuzu. Kisha UVIKO-19 ikafuta mashindano. Hayakuahirishwa, yalifutwa. Kombe la Dunia la mwaka huo nalo likafutwa.

Ukipanga daftari kwa mashindano, 2021 inakuwa mstari mmoja: "hayakufanyika". Unageuza ukurasa. Ukilipanga kwa rika, unakuta kikosi kizima cha majina, wafungaji, kipa, nahodha, njia yote ya kufuzu, halafu weupe. Wamefuzu na hawakucheza. Mwenzangu, ambaye hana maneno mengi, ameandika pembeni ya jedwali: "Hapa umenishinda." Kuanzia leo ukurasa wa kwanza wa daftari utafunguka kwa rika.

Rika la 2006 ni fupi. Tiketi za kanda kwa fainali za 2023 Algeria zilikwenda Somalia na Sudan Kusini. Sisi tulibaki nyumbani.

Oktoba

Kuna aliyetuandikia akiuliza kwa nini daftari ni la wavulana peke yao. Swali la haki. Timu ya Tanzania iliyofika mbali kuliko zote kwenye Kombe la Dunia la ngazi yoyote ni Serengeti Girls, na kuandika habari za U17 bila wao ni kichekesho. Tumefungua sehemu yao.

Mwaka 2022 waliwatoa Kameruni kwa 4-1 kule Yaoundé na 1-0 Zanzibar. Hiyo ikawa mara ya kwanza kwa timu yoyote ya soka ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia. Fainali zilikuwa India, Oktoba. Ndiyo, India ileile ambayo wavulana waliikosa kwa bao moja la Niger. Na benchi la ufundi? Bakari Shime. Kocha yuleyule aliyekuwa Gabon. Sikuwahi kuona mtu akiziweka habari hizi mbili karibu, na ni jedwali lililozileta karibu, kwa sababu safu ya kocha inapangika kwa jina.

Japani waliwafunga 4-0 mechi ya kwanza, na nakumbuka jinsi watu walivyoanza kuchapa mzaha kabla hata kipenga cha mwisho hakijalia. Siku 3 baadaye, 15 Oktoba, wakawafunga Ufaransa 2-1, mabao ya Diana Mnally na Christer Bahera, la pili kwa penalti. Sare ya 1-1 na Kanada ikawapeleka robo fainali. Kolombia wakawatoa kwa 3-0, Kolombia ambao waliendelea hadi fainali.

Tunachokosa ni walikoishia. Kwa wavulana kuna magazeti, kuna tetesi za usajili. Kwa wasichana unapata majina matatu au manne yanayocheza Ligi Kuu ya Wanawake, kisha kimya. Nimeandika barua kwa viongozi wa klabu kadhaa. Wawili wamejibu, mmoja kwa orodha nzuri ajabu iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa picha, kila mchezaji na mwaka aliojiunga. Tumeiingiza yote.

Wale walioacha soka tumewaandika "hachezi" na kuishia hapo. Wengine wanasoma, wengine wana familia. Hilo si la daftari.

Novemba

Qatar. Kombe la Dunia la U17 sasa linachezwa kila mwaka, hapohapo Qatar hadi 2029, timu 48, Afrika nafasi 10. Uganda wapo, mara yao ya kwanza kwenye Kombe la Dunia la wanaume la ngazi yoyote. Hawa ndio waliofungwa 5-0 na Moroko mwezi Machi kwenye mechi ya ufunguzi, wakamaliza wa tatu kwenye kundi letu, wakapenya kwa mechi ya mchujo. Kwenye makundi wamewafunga Ufaransa 1-0.

Nimekaa na hilo. Kundi lilelile, mashindano yaleyale. Walichotuzidi ni mechi moja, ile ya 3-0. Wangefungwa wao siku ile, leo kijiwe cha Kampala ndicho kingekuwa kinawazika watoto wao.

Kwa daftari, mabadiliko ya FIFA yana maana kubwa kuliko matokeo. Mashindano yakiwa ya kila mwaka, witiri na shufwa vinakuwa sawa: fainali za 2026 ni za waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2009, na kila rika linapata zamu yake. Kwa upande wa pili, TFF na mashirikisho mengine hayana tena mwaka wa kupumua. Zamani ulikuwa na miaka miwili ya kuwasaka watoto UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi), UMISSETA na kwenye akademi, kuwapima, kuwatengeneza. Sasa rika moja likiwa kambini, linalofuata linatakiwa liwe limeshapatikana. Anayesubiri mashindano yatangazwe ndipo aanze kusaka vijana ameshachelewa.

Jedwali sasa lina kurasa za rika la 2000, 2002, 2004, 2006 na 2008, pamoja na ya Serengeti Girls ya 2005. Za 2001, 2003 na 2007 zina majina machache machache ya waliopenya kwenye vikosi vya wakubwa wao. Mwenzangu ameshafungua ukurasa wa 2009. Una safu zote, mezani na uwanjani, na kwenye safu ya "walikoishia" ameweka kistari.

Kazi zilizobaki kabla ya Desemba: kulinganisha vikosi vya Rubavu na orodha za Ngorongoro Heroes waliocheza Mauritania 2021, kupata wafungaji wa mechi za Shelisheli, na kumrudia mwalimu wa UMISSETA. Anasema ana daftari lake la zamani kabatini, na kwamba ndani yake kuna majina ya watoto pamoja na majina ya walimu wao wa hesabu.